Kwa Nini Watoboe Mlima Uleule Mara Mbili?

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza habari za handaki la reli la Gotthard nchini Uswisi, huuliza juu ya urefu: kweli ni kilomita 57? Ndiyo, 57. Swali gumu zaidi huja akishaambiwa kwamba ndani ya mlima huohuo lilikuwepo tayari handaki jingine la reli, la kilomita 15, lililofunguliwa mwaka 1882 na ambalo mpaka leo treni zinalipita. Hapo watu hukunja uso. Kama treni zilikuwa zinapita, ya nini kutumia miaka 17 na zaidi ya faranga bilioni 12 kutoboa tena?

Jibu halimo kwenye urefu. Limo kwenye kimo: handaki la zamani liko juu mlimani, jipya liko chini. Ili kuelewa kwa nini tofauti hiyo ina thamani ya mabilioni, inabidi tuanze na gurudumu.

Chuma juu ya chuma

Aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga huku Tanzania nyuma ya lori la mzigo anajua mwendo wake. Dereva ameshuka gia mpaka ya chini kabisa, injini inaunguruma, lakini lori linapanda, kwa sababu matairi ya mpira yanang'ang'ania lami. Treni haina bahati hiyo. Gurudumu lake la chuma limekaa juu ya reli ya chuma, na mahali vinapogusana ni eneo la sentimita moja ya mraba hivi. Kwenye tambarare hiyo ni neema, maana msuguano ni mdogo na kichwa kimoja cha treni kinavuta mzigo wa malori mengi kwa nishati kidogo. Kwenye mlima neema inageuka mkosi. Gurudumu linateleza, linazunguka bure, na treni inabaki palepale.

Wahandisi wa reli hupima mpando kwa mita zinazopandwa katika kila kilomita moja. Njia ya zamani ya Gotthard ilifikia mita 27 kwa kilomita. Dereva wa lori hataona hata kama hapo pana mlima. Kwa treni ya mizigo ni adhabu. Treni nzito zilifungiwa kichwa cha ziada, wakati mwingine kingine cha kusukuma kutoka nyuma, na upande wa kushuka breki zilipata moto. Ili kupunguza ukali wa mpando, wajenzi wa karne ya 19 waliizungusha reli ndani ya mlima kwa mizunguko kama ya ngazi ya mnara. Pale kijiji cha Wassen, abiria huliona kanisa moja mara tatu kutoka dirishani, kila mara kwa kimo tofauti. Watalii wanapenda sana. Mwenye kontena la vipuri linalosubiriwa Milano hana habari na kanisa.

Sehemu ya juu kabisa ya njia ya zamani iko mita 1,151 kutoka usawa wa bahari. Ya njia mpya iko mita 549. Kwa msomaji wa Tanzania, ni sawa na kusema kwamba treni zilizokuwa zikilazimika kupanda mpaka kimo cha Dodoma sasa zinavuka zikiwa kwenye kimo cha Morogoro. Handaki la namna hii wahandisi huliita handaki la msingi, yaani linaloingia kwenye kitako cha mlima badala ya kusubiri mpaka ubavuni. Kwa kuwa mlima ni mpana zaidi chini kuliko juu, handaki la msingi lazima liwe refu. Kilomita 57 ndiyo bei ya kukaa chini.

Kwa kifupi:

- Treni inavuta mzigo mkubwa kwa sababu chuma hakisuguani sana na chuma, na kwa sababu hiyohiyo hupanda mlima kwa shida.
- Handaki la juu ni fupi na rahisi kuchimba, lakini treni italipia kupanda na kushuka kila siku, miaka yote.
- Handaki la chini ni refu na ghali, ila gharama hiyo inalipwa mara moja.

Waliotangulia

Handaki la kwanza lilianza mwaka 1872. Mkandarasi alikuwa Louis Favre wa Geneva, ambaye alikubali mkataba wa miaka minane wenye faini kwa kila siku ya kuchelewa. Sijui mkandarasi wa leo mwenye akili timamu ambaye angeweka saini mkataba ule. Favre alifariki Julai 1879, humohumo ndani ya handaki, akiwa kwenye ukaguzi.

Vibarua wake, wengi wao Waitaliano, walichoronga mwamba kwa mashine za hewa iliyoshindiliwa na kuulipua kwa baruti mpya ya wakati ule, dinamiti. Joto lilikuwa kali na moshi haukuwa na pa kutokea. Mwaka 1875 waligoma pale Göschenen, wanamgambo wakafyatua risasi, wanne wakafa. Ajali za kazini zilichukua takriban watu 200, lakini hesabu hiyo haigusi waliorudi makwao wakafia huko. Mle ndani hakukuwa na vyoo. Watu walifanya kazi kwenye matope ya moto, wengi miguu peku, na minyoo ya safura ikawaingia kupitia ngozi. Walipauka, wakaishiwa damu, wakashindwa kubeba nyundo. Madaktari walipokuja kutambua chanzo, mwaka 1880, uchimbaji wa sehemu kubwa ya handaki ulikuwa umekwisha. Ugonjwa ambao leo mhudumu wa zahanati yoyote ya vijijini huku kwetu anautambua na kuutibu kwa vidonge, uliwamaliza wajenzi wa ile iliyoitwa fahari ya Ulaya.

Kilomita 57 kwa vipande vitano

Handaki la pili halikuchimbwa kutoka pande mbili tu. Kwa mwendo huo kazi ingechukua maisha ya mtu. Njia iligawanywa vipande vitano: Erstfeld na Amsteg kaskazini, Faido na Bodio kusini, na Sedrun katikati. Sedrun ndiyo inayoshangaza. Ni kijiji cha milimani, na handaki linapita chini yake mbali mno. Kwa hiyo walichimba kwanza njia ya mlalo ya kilomita moja kuingia mlimani, kisha shimo la wima la mita 800 kwenda chini. Wachimbaji walishuka kwa lifti kama ya mgodi wa dhahabu. Walipofika chini walianza kuchimba kwenda kaskazini na kusini kwa wakati mmoja. Mashine zote, zege lote na kila kipande cha chuma vilipita kwenye shimo lile. Baadaye palitokea wazo la kuweka pale stesheni ya abiria, wapandishwe kijijini kwa lifti ya mita 800. Wazo lilipendwa kweli, ila hesabu zilipofanyika likaachwa.

Handaki lenyewe ni mapacha: mirija miwili, kila mmoja na reli yake, imeachana mita 40 hivi, na kila baada ya mita 325 au chini kidogo ya hapo kuna njia ya kuvukia yenye milango. Ukijumlisha mirija, mashimo na vichochoro vyote unapata kilomita 152 za uchimbaji.

Sehemu kubwa ya mirija hiyo ilichimbwa na mitambo minne iliyotengenezwa Ujerumani. Mbele kuna sahani ya chuma yenye kipenyo cha zaidi ya mita 8, imejaa magurudumu magumu yanayobingirika juu ya mwamba huku yakikandamizwa kwa nguvu nyingi mno. Mwamba haukatwi, unapasuka vipande bapa vinavyoangukia kwenye mkanda na kusafirishwa nyuma. Mtambo wenyewe unajibana kwenye kuta kwa viatu vya chuma, unajisukuma mbele kidogo, unaachia, unajibana tena. Pamoja na mabehewa yanayoufuata, una urefu wa zaidi ya mita 400. Wachimbaji wana desturi ya kuupa mtambo jina la kike kabla haujaingia kazini, na hii minne iliitwa Sissi, Heidi, Gabi wa kwanza na Gabi wa pili.

Palipobaki, Sedrun hasa, walirudi kwenye baruti: choronga matundu, jaza, lipua, ondoa kifusi, tegemeza dari, anza upya. Watu hudhani baruti ni njia ya kizamani. Si kweli. Mtambo unataka mwamba unaotabirika na umbali mrefu wa kurudisha gharama zake. Kwa handaki fupi, tuseme la kilomita 4.5 kama lile la Ngong kwenye reli ya Nairobi hadi Naivasha, mtambo mkubwa kama huo mara nyingi haulipi. Na mtambo ukikwama kwenye mwamba mbovu haurudi nyuma, maana ni mpana kuliko njia iliyojengwa nyuma yake.

Sukari ya Piora

Hapa ndipo pangeweza kuiangusha kazi yote.

Kati ya Sedrun na Faido kuna bonde la Piora. Wanajiolojia walijua tangu zamani kwamba chini ya bonde hilo mwamba mgumu unakatizwa na ukanda wa jiwe jeupe liitwalo dolomiti. Mahali pengine dolomiti hiyo ni imara, lakini mahali pengine maji yameila mpaka ikawa chembechembe, na wanajiolojia wenyewe huiita dolomiti ya sukari. Ukiishika mkononi inamomonyoka. Ikilowa na kukandamizwa na mlima, haina tofauti na tope linalosubiri mlango ufunguliwe.

Swali lilikuwa moja: je, sukari ile inashuka mpaka kwenye kimo cha handaki? Kama inashuka, mtambo ungefunikwa, watu wangekufa, na huenda mradi wote ungekwama. Hakuna aliyeweza kujibu kwa kutazama ramani. Mwaka 1993 walianza kuchimba handaki dogo la upelelezi kutoka karibu na Faido, kilomita 5 na nusu, likipita juu ya njia iliyopangwa. Halikuwa la kupitisha treni. Kazi yake ilikuwa kujua tu.

Machi 1996 walifika karibu na ukanda ule na kuchoronga tundu la kupima. Maji na mchanga mweupe vilifoka kwa shinikizo kubwa vikaingia kwenye handaki. Magazeti ya Uswisi yalipata karamu. Wapinzani wa mradi walisema tuliwaambia. Hofu yote ya wanajiolojia ilikuwa imethibitishwa.

Ila ilithibitishwa kwenye kimo cha handaki la upelelezi, mita mia kadhaa juu ya lile la treni. Kwa hiyo wakachoronga tena, safari hii matundu marefu ya mshazari kwenda chini, mpaka kwenye kimo chenyewe. Mwaka 1998 majibu yalikuwa yamekamilika: kule chini jiwe lilikuwa kavu na gumu. Tabaka lenye jasi lilikuwa limekaa juu yake kama kizibo, maji ya juu yasipite. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2008, mtambo ulipita Piora bila kisa.

Picha za Gotthard zinazosambaa ni za Sissi na wenzake wakitokeza ukutani huku watu wanapiga makofi. Ningekuwa mimi mwenye kugawa medali, ya kwanza ningelipa tundu la kuchoronga lenye upana wa bakuli. Wanasiasa wa nchi yoyote huona uchungu kutoa fedha za namna hiyo, kwa kuwa mwisho wake hupati kitu cha kukatia utepe. Unapata jibu, na pengine jibu lenyewe ni kwamba usijenge.

Joto, na mlima unaobana

Si kila kitu kilitabirika. Karibu na Faido mwamba mbovu ulijitokeza usipotarajiwa, ikabidi sehemu ya kubadilishia reli ihamishwe. Kaskazini mwa Sedrun tatizo lilijulikana ila halikuwa na dawa nyepesi: mwamba laini ulioelemewa na mlima mzima, ukichimbwa tu unaanza kurudi taratibu kuziba nafasi. Ukiweka pete ngumu za chuma, mlima unazivunja. Kwa hiyo wahandisi walichimba nafasi kubwa kuliko iliyohitajika, wakaweka pete za vipande vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine. Mlima ukabana, pete zikasogea bila kukatika, na msukumo ulipotulia ndipo zege la mwisho likamwagwa. Badala ya kushindana na mlima waliukubalia kiasi.

Halafu joto. Kadiri unavyoshuka ardhini, mwamba unapata joto, takriban nyuzi 2 hadi 3 kwa kila mita 100. Pale ambapo mlima juu ya handaki una kina cha mita 2,300, mwamba ulifika nyuzijoto 46 hivi. Sheria ya Uswisi hairuhusu zaidi ya 28 mahali pa kazi, kwa hiyo mitambo ya kupoza ilifanya kazi mchana na usiku miaka yote ya uchimbaji. Hata hivyo watu tisa walipoteza maisha katika ujenzi. Ukilinganisha na 200 wa kwanza ni hatua kubwa, ingawa sidhani hesabu hiyo inazifariji familia tisa.

Kulikuwa pia na hofu ambayo wasafiri wengi hawaifahamu. Juu ya mlima, karibu na Sedrun, kuna mabwawa matatu ya umeme. Mwaka 1978, kwingineko Uswisi, handaki la upelelezi lilikausha maji yaliyokuwa ndani ya mwamba, ardhi ikashuka zaidi ya sentimita 10, na ukuta wa bwawa la Zeuzier ukapata nyufa. Kumbe maji yaliyomo kwenye nyufa za mwamba nayo yanabeba uzito. Kwa sababu hiyo, vipimo vya kujiendesha viliwekwa kwenye kuta za mabwawa yale ili kufuatilia hata milimita, na kila palipovuja ndani ya handaki palizibwa haraka kwa kusukuma saruji kwenye nyufa.

Wanakutanaje gizani?

Hili nalo huulizwa kila mara. Fundi wa nyumba anaijua timazi, ile kamba yenye kitu kizito kinachoning'inia ili ukuta usimame wima. Sedrun walitumia timazi za mita 800. Wakining'iniza nyaya shimoni, waliushusha mwelekeo uliopimwa juu kwa setilaiti. Kosa la unene wa unywele kati ya nyaya mbili zilizokaribiana linakuzwa mara nyingi mno baada ya kilomita kumi, kwa hiyo hawakutegemea timazi peke yake. Kuna kifaa kiitwacho jairoskopu, chenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, ambacho huitambua kaskazini kwa kuhisi mzunguko wa dunia yenyewe. Hakihitaji jua, nyota wala setilaiti. Hewa ya moto karibu na kuta nayo huupinda mwali wa kupimia, hivyo wapimaji walikwepa kuta.

Mwaka 1880 timu mbili za Favre zilikutana zikiwa zimepishana sentimita 33 kwa mlalo. Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kupitishwa tunduni kilikuwa picha ya marehemu mkandarasi. Tarehe 15 Oktoba 2010, kati ya Sedrun na Faido, tofauti ilikuwa sentimita 8 kwa mlalo na 1 kwa wima.

Nani alilipa

Waswisi walipiga kura. Septemba 1992 zaidi ya asilimia 60 waliukubali mpango wa njia mpya za reli kupita Alps. Februari 1994 walikubali, kwa kura chache za ziada, kwamba mizigo inayokatiza nchi yao ihamishwe kutoka barabarani kwenda kwenye reli. Wakazi wa mabonde yale membamba walikuwa wamechoka na malori: moshi hauna pa kwenda, na kelele zinagonga mlima zinarudi. Mwaka 2001 ilianza tozo ya malori mazito, inayohesabiwa kwa uzito na kilomita, na sehemu ya fedha hizo ikajenga reli. Yaani lori lilichangia kuchimba handaki la kulipunguzia kazi.

Handaki lilifunguliwa Juni 2016. Miaka minne baadaye likafuata lile la Ceneri, la kilomita 15.4, upande wa kusini, na safari ya Zürich hadi Milano ikashuka kufikia takriban saa tatu na robo. Kifusi chenyewe, tani milioni 28, hakikutupwa chote. Kiasi kilisagwa kikawa kokoto za zege la handaki hilohilo, na kingine kilijenga visiwa vidogo kwenye ziwa la Uri, ambako watu huenda kuogelea wakati wa kiangazi.

Malori hayajaisha. Sheria iliweka lengo la malori 650,000 kwa mwaka kupita Alps, na idadi bado iko juu ya hapo, ijapokuwa zaidi ya theluthi mbili ya mizigo inayovuka milima ya Uswisi inapita kwenye reli.

Baada ya kukata utepe

Agosti 2023 gurudumu la behewa la mizigo lilivunjika ndani ya handaki. Behewa likaendelea kuburutwa likiwa nje ya reli, likiponda mataruma, mpaka treni ilipofika kwenye njia ya kuhamia upande wa pili karibu na Faido, ambapo mabehewa yalitawanyika na kugonga. Hakuna aliyeumia. Lakini mataruma ya mle hayakukaa juu ya kokoto, yamezamishwa kwenye zege, na kilomita 7 za njia zilipaswa kutengenezwa upya. Mrija ule ulirudi kazini kikamilifu Septemba 2024, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Katika kipindi hicho treni nyingi za abiria zilirudi kwenye njia ya juu, ile ya Favre. Waliowahi kusema handaki la zamani lifungwe walikaa kimya.

Handaki pia linategemea reli inayolifikia. Kwa mkataba wa Lugano wa 1996, Ujerumani iliahidi kupanua njia ya bonde la Rhine kufikia reli nne, ili mizigo ya bandari za kaskazini ifike Gotthard bila kubanana. Uswisi imemaliza zamani. Wajerumani wamechelewa kwa miaka mingi. Agosti 2017, pale Rastatt, walikuwa wanachimba handaki la kilomita 4 hivi, si chini ya mlima wowote, bali kwenye mchanga na kokoto, mita chache tu chini ya reli inayotumika. Udongo ulikuwa umegandishwa kwa baridi ili usiporomoke. Ukaporomoka. Reli ya juu ilibonyea, njia ikafungwa kwa wiki saba, na mtambo wa kuchimba ukazikwa kwenye zege mahali ulipokuwa. Kampuni za mizigo zilitafuta njia za kuzungukia Ufaransa na Austria, madereva wa treni wakakosa lugha ya kuendeshea upande wa pili wa mpaka, na makontena mengi yakarudi kwenye malori.